Bei ya Kichwa cha Mlango

Hapana, sikuwa nacheza. Nawaambia mapema kabla hamjauliza, maana naona mnavyokonyezana hapo na vikombe vyenu. Wanaosema kule sokoni kwamba bibi yake Vero alipanda juu ya gari la harusi akakata mauno mpaka wapiga tarumbeta wakapagawa, hao wameongeza chumvi. Mauno sikukata. Kupanda nilipanda, na aibu yake ninayo mpaka leo, nikienda kisimani naona watu wananitazama miguu. Sasa kaeni niwaambie ilivyokuwa, halafu mkitoka hapa mkaseme kama nilivyosema mimi.

Mwanangu Deo, baba yake Vero, mnamjua, ana duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Alipomaliza kujenga nyumba yake akajenga na nyingine pembeni, nikamuuliza hii ya nani, akasema ya gari. Nikacheka nikijua ananitania. Hakuwa ananitania. Gari lina nyumba, jamani, bati jipya, sakafu ya saruji laini ungeweza kumlaza mtoto mchanga, kijidirisha kimoja kule juu cha kupitisha hewa, na gari linalala humo peke yake, haliombwi hata nafasi ya kuweka jembe.

Lakini hayo tisa. Mlango. Mlango wenyewe ni ukuta mzima wa bati zito, ameuagiza Dar. Siku ya kwanza akanisimamisha uani, akatoa mfukoni kidude kama kibiriti, akakibonyeza, nikasikia kitu kinanguruma, na ule mlango ukaanza kunyanyuka. Hakuna mtu anayeusukuma. Nilichungulia huku na huku nikitafuta mtu. Unapanda wenyewe, polepole, kama mtu mzima anayeinuka kwenye mkeka, ukafika juu ukajikunja ukaenda kulala darini. Mimi mikono kichwani. Nikapiga ishara ya msalaba, na kabla sijajizuia mdomo ukasema, "Shikamoo."

Ndiyo, niliuamkia mlango. Chekeni tu.

Deo (tangu aende Dar anaongea kama ana pipi mdomoni) akasema, "Mama, hiyo ni otomatiki. Ni mota tu, ile pale juu." Nikatazama. Kisanduku cheupe kimeshika dari, ukubwa wake kama kichwa cha ndama, kina kitaa kinawaka. Kutoka kwenye kile kichwa kuna chuma kirefu kimenyooka mpaka mlangoni, na kwenye kile chuma, karibu na mlango, inaning'inia kamba nyekundu.

"Kwa hiyo kile kichwa ndicho kinachonyanyua ukuta wote huu?"

"Ndicho, Mama."

"Na kinakula nini?"

"Umeme, Mama."

Kuanzia siku hiyo kila jioni nilikuwa nabeba kigoda changu nakaa uani, namsubiri Deo arudi dukani, si kwa ajili yake, kwa ajili ya mlango. Mtanisamehe. Mimi mtu wa bondeni, nusu ya maisha yangu nimelala kwenye dungu (ninyi watoto wa mjini hamlijui dungu, ni kichanja juu ya nguzo katikati ya mpunga, paa la nyasi, ukuta hakuna, mnahamia humo msimu mzima kufukuza ndege na nguruwe), sasa mtu kama mimi, aliyezoea kulala anasikia nguruwe anakoroma chini ya mgongo wake, unamwonyesha mlango unaojifungua, unategemea afanye nini?

Sasa mpunga. Kila mwaka nalima kipande changu kule Katindiuka na dada yangu Sikola. Sikola ni mkubwa wangu, mkunga wa zamani, mtu wa maneno machache, na hayo machache bora usiyasikie. Deo ananilisha vizuri, siwezi kumsema vibaya, lakini mpunga ndio mdomo wangu. Nikiwa na magunia ndani, nikitaka chumvi nauza kidogo, nikiitwa msibani Mahenge nauza gunia, sikohoi mlangoni kwa mtu, simwangalii mwanangu usoni kuona kama leo kaamka vizuri. Siku nitakayokosa mpunga nitakuwa mtoto wa Deo. Hilo mlishike, maana mbele huko lilitaka kunitokea.

Mwaka huu tulivuna, mvua ikawa haijaisha hamu yake, kule kwenye banda langu maji yanapita chini. Nikamwambia Deo magunia yangu yalale na gari. Akajikuna shingo. "Kwa muda tu, Mama. Kabla ya harusi ya Vero yatoke, wakwe wasije wakaona gari limelala na magunia." Nikasema yatatoka. (Nilisema hivyo. Sikusema lini.)

Basi harusi ikakaribia, nikaona niuze magunia mawili nimnunulie Vero, mke mwenzangu, sufuria za maana, nikamwita Masunga, yule mnunuzi wa Kisukuma. Akaja na mzani wake wa kutundika. Siku zote mzani tunautundika kwenye mti, lakini mvua ilikuwa inamwagika, tukabaki mle ndani kwenye nyumba ya gari (gari lilikuwa dukani), mlango tumeufunga upepo usilete maji. Masunga akatazama juu. Anavyoongea mnajua, kila neno analivuta kama anavuta ng'ombe. "Maama, mbona chuma hiki hapa kiizuri."

"Kitabeba?"

"Maama, kinabeba mlaango. Kitashindwa guunia?"

Nikaona ana akili. Tukatundika mzani kwenye kile chuma, tukainua gunia la kwanza, chuma kikalia kidogo, kikainama kama mtu aliyesikia jina lake linaitwa. Tukapima. La pili nalo likapimwa. Sasa gunia moja halikuwa na kamba ya kufungia mdomo, na ile kamba nyekundu ilikuwa inanipiga usoni kila nikisogea. Nikaishika. Kamba nzuri, ngumu, haina kazi, inaning'inia tu. Nikamwambia Masunga anishikie gunia, nikachukua kisu nikaikata kamba, nikafunga nayo mdomo wa gunia langu moja la kubaki. Ilipendeza. Nikasema hili gunia nitalitambua hata liibiwe liende Uchindile.

Hapo ndipo nilipokosea, wala sikujua. Tangu siku ile mlango ukawa unapanda unalalamika, unafika katikati unasita, unajitikisa, ndio unaendelea. Deo anauangalia. "Sijui vumbi," anasema. Mimi naangalia kuku.

Siku ya harusi sasa. Vijana wameshalipamba gari, riboni, maua kwenye boneti, limeingizwa ndani kinyumenyume mbuzi wasije wakala maua, pua inatazama mlangoni. Mlango uko wazi. Na mimi ndipo nikakumbuka kwamba magunia yangu bado yamo, yamepangwa pembeni, na mzani wa Masunga juu yake maana alikuwa hajaurudia. Nikaingia mbio na turubai nikayafunike yaonekane kama vitu vya maana. Nimevua viatu nisichafue sakafu. Nimeinama kule nyuma, nasikia honi, wakwe wamefika getini, na Deo (nilimjua tu, alitaka kuwaonyesha) akabonyeza kidude.

Mlango ukaanza kushuka, na mimi nimo ndani.

Ningepiga kelele. Lakini fikirieni, baba mkwe anashuka kwenye gari, mzee wa kutoka milimani kule upande wa Uchindile, mwenye koti na fimbo, salamu yake ya kwanza aikute sauti yangu inatoka kwenye nyumba ya gari. Nikanyamaza. Nikasema watafungua wakija kumchukua bibi harusi, nitatoka pembeni kama mtu aliyetumwa. Mwanga ukapungua, ukapungua, ukabaki uzi chini, kisha giza. Kile kichwa juu kikawasha kitaa chake kikawa kinanitazama. Nami nikakitazama. Nawaambia ukweli, sikuogopa. Ilikuwa kama kanisani kabla ya watu kuja, kimya, harufu ya mpunga mkavu na maua, na ule mwanga mmoja juu. Halafu kitaa kikajizima chenyewe, nikasema ehee, na wewe umeenda kulala.

Tarumbeta zikaanza uani. Nikasikia Deo, ile sauti yake ya wageni, "Mzee, sogea hapa uone mwenyewe. Hakuna kushika kitu. Otomatiki."

Mzee akasema, "Ahaa." (Yule mzee kila kitu ni ahaa, ukimpa maji ahaa, ukimwambia nyumba inaungua ahaa.)

Deo akabonyeza kidude. Kichwa kikaamka, kikanguruma, mlango ukanyanyuka kiganja kimoja, nikaona viatu vingi vimesimama kwenye jua. Ukakwama. Ukashuka. Akabonyeza tena. Ukanyanyuka, ukakwama. Akabonyeza, akabonyeza, kile kichwa kikapiga kelele ambayo sijawahi kusikia mnyama akiipiga, ikatoka harufu kama ndoo ya plastiki iliyosogezwa motoni, moshi mwembamba, kitaa kikapepesa kikafa. Tarumbeta nazo zikanyamaza moja moja.

Nikamsikia Deo anampigia fundi wa Morogoro aliyeuweka, ameweka sauti ya wote kusikia. Fundi anaongea haraka kama anauza karanga stendi, "Bosi, usipaniki, bosi, kuna kamba nyekundu, mtu aivute tu, mlango unaachana na mota, mnanyanyua kwa mkono, kazi imekwisha."

"Kamba iko ndani," Deo akasema.

"Sasa bosi hakuna mtu ndani?"

"Hakuna mtu ndani."

Hapo nikaona hakuna tena namna. Nikasema, "Yupo."

Hata mtoto aliyekuwa analia aliacha.

"Nani?"

"Mimi mama yako."

Nikasikia mtu anakohoa kuficha kicheko. Deo akasogea karibu kabisa na bati, anaongea polepole kama anaongea na mgonjwa. "Mama. Shikamoo. Hebu angalia juu, utaona kamba nyekundu. Ivute."

Macho yakazoea giza kidogo, nikaangalia juu, nikaangalia gunia.

"Deo, kamba iko kwenye gunia."

"Inafanya nini kwenye gunia, Mama?"

"Imefunga mpunga."

Nje huko watu wakashindwa, wakacheka mpaka nasikia wanapiga mapaja. Fundi bado yuko hewani, naye anauliza, "Mpunga gani, bosi?" Mwishowe akasema kama kuna kipande kilichobaki juu, mtu apande akivute. Kipande kilikuwepo, urefu wa kidole. Lakini kipo juu ya pua ya gari, na kimo changu mnakiona.

Basi. Nikapandisha kitenge mpaka magotini nikakikaza, nikapanda gunia, kutoka kwenye gunia nikaweka mguu kwenye boneti, katikati ya maua, nikasema Vero utanisamehe mke mwenzangu, nikaweka na wa pili. Boneti ikasema bwaa. Nikanyoosha mikono yote miwili, nikashika kile kipande, nikavuta kama navuta mtoto aliyekwama. Kikasema tak.

"Tayari," nikasema.

Wanaume wakainama wakashika chini ya mlango, wakanyanyua. Na hapa ndipo siwezi kusahau hata nikiwa kaburini. Mwanga uliingia kutoka chini. Siku zote mwanga unatoka juu, sasa huu ukaanzia kwenye matairi, ukapanda, nikaona viatu vya watu, nikaona suruali, magauni, matumbo, tarumbeta zinang'aa, nyuso, kisha milima nyuma yao na mbingu yote, kitu kimoja baada ya kingine, kama dunia inavuliwa nguo mbele yangu. Nilisahau niko wapi. Mdomo wazi. Na wao nao, mkumbuke, wananiona hivyo hivyo, kutoka miguuni: nyayo zangu kwenye maua, magoti, kitenge, kifua, makapi ya mpunga kichwani, na mikono miwili juu.

Mpiga tarumbeta mmoja akadhani ni sehemu ya sherehe, akapuliza. Ngoma ikafuata. Mguu wangu ukateleza kwenye riboni, nikatafuta pa kukanyaga, huku, huku, huku. Hayo ndiyo wanayoyaita mauno.

Vero alikuwa amesimama mlangoni kwa mama yake, mweupe wote, nikajua sasa atalia. Akasema, "Bibi, shuka. Mume wetu anasubiri kanisani."

Baba mkwe akanitazama, akautazama mlango, akasema, "Ahaa. Otomatiki."

Ningeshuka hapo, ikaisha. Lakini nikamwona Deo. Uso wake umeanguka, anatazama kile kichwa kinachotoa moshi, mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, masikini, nani atalipa sasa. Kiburi kikanipanda, niko juu ya gari, watu wote wananitazama, nikasema, "Nitalipa mimi. Kwa mpunga wangu. Hata kesho." Watu wakapiga makofi. Nikashuka kama mheshimiwa. Vero akaenda kuolewa kwenye gari lenye nyayo zangu mbili mbele, hakuna aliyezifuta, Padre mwenyewe alizichungulia.

Harusi ikapita. Fundi akaja na basi, akapanda ngazi, akagonga hapa, akagonga pale, akashuka anajifuta mikono. "Mota imekufa, bosi. Gia zimesagika. Reli imepinda, sijui mlitundika nini. Hii ni kubadilisha kichwa kizima na reli yake." Deo akauliza bei. "Milioni moja na laki nne. Hapo bado ufundi na nauli yangu."

Nikamwomba aseme tena. Akasema tena, haikupungua.

Nikamwambia aniteremshie kile kichwa nikione. Akanipa, nikakipakata. Mimi sijui kusoma, lakini mzani naujua tangu nina meno ya utoto, na wa Masunga ulikuwa bado upo, nikakitundika. Jamani. Hakikufika uzito wa ndoo ya mpunga. Kitu hicho, nilichokishika kwa mkono mmoja, kilikuwa kinanyanyua ukuta asubuhi na jioni bila kuhema, na bei yake ilikuwa mpunga wangu wote, kila gunia, kuanzia kupanda mpaka kufukuza ndege mpaka kubeba kichwani. Nilikaa nakitazama. Sikukasirika. Nilishangaa tu jinsi watu wa mbali walivyoweza kuubana msimu wangu mzima ukaingia kwenye kisanduku.

Lakini nilikuwa nimeshasema, tena mbele ya wakwe. Masunga akaitwa, akaja na pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, na tela lake, vijana wakaanza kutoa magunia. La kwanza kutoka lilikuwa lile lenye kamba nyekundu. Nikageuka pembeni.

Deo anazunguka uani. "Mama, mimi sikulazimishi. Ila ulitamka mwenyewe. Na wakwe wanarudi mwezi ujao kumtembelea mama yake Vero. Wakinikuta nainama kufungua mlango kwa mkono, nitaonekana mtu wa namna gani?"

"Lipa," nikasema. "Chukua."

Sauti yangu nikaisikia ndogo. Nikajiona mwakani nimekaa kwenye kigoda, nasubiri Deo arudi, safari hii kweli kwa ajili yake, nimuombe hela ya chumvi.

Mlango wa nyumba ya gari tunaufungua kwa mkono mpaka leo, Deo anainama, anasema anafanya mazoezi. Kile kichwa nakitumia kuzuia mlango wa jiko usipigwe na upepo. Na mimi nimeapa, kamba yoyote ninayoikuta inaning'inia, hata iwe nyekundu kama kucha za Vero, naiacha ining'inie, nauliza kwanza ya nani. Wali mliokula leo ni wa lile gunia lenye kamba nyekundu, lilirudi ndani na mengine yote.

Maana dada yangu Sikola alikuwepo siku ile ya kutoa magunia. Alikuja kwa harusi akabaki kuosha masufuria, amekaa chini anasugua la pilau kwa majivu, hajasema neno tangu asubuhi. Alipomsikia Deo anauliza ataonekana mtu wa namna gani, aliacha kusugua. Hakuinua hata kichwa.

"Deo, mimi ndiye niliyekupokea. Dungu ulilozaliwa halikuwa na mlango."